Hodi ya Nne

Hodi ni tatu. Ya nne ni uvamizi.
Lakini Zsombor wa Győr hajui kuhesabu,
au anahesabiwa na mashine.

Jumatatu: "Ibolya, hongera kwa miaka kumi na tisa kazini!"
Jumatano: "Ibolya, ulipata nafasi ya kunisoma?"
Ijumaa: "Naurudisha juu ujumbe huu, usije ukazama."
Uzame, mwanangu.
Uzame mpaka kwenye matope.

Mimi ni mkuu wa manunuzi, kiwanda cha mikate, Debrecen.
Nanunua unga, chumvi, hamira, mifuko ya karatasi
na, mara moja kwa mwaka, katoni sitini za nyavu za nywele.
Sihitaji wingu la kuhifadhia data.
Mawingu ninayo; tangu Novemba yamekaa juu ya Msitu Mkubwa
na hakuna aliyeniomba malipo.
Sihitaji mkufunzi wa uongozi
aliyezaliwa mwaka niliong'olewa gego.

Mwanzoni nilijibu. Ndivyo nilivyolelewa:
akusalimuye, msalimu.
"Asante, hatuhitaji."
Kumbe asante kwao ni mlango ulioachwa wazi upana wa kidole,
wakatia kiatu.
Mmoja akawaambia wenzake kuwa nyumba hii ina mtu.

Nikabadili cheo. Nikaandika: Bawabu.
Kulipokucha watatu wakaniletea makufuli
yanayofunguka kwa alama ya kidole,
wa nne akapima mabega yangu kwenye picha
apate kuniuzia sare.
Nikaandika: Mchimba makaburi.
Nikapata saa arobaini za kimya, nilizihesabu,
kisha mwanamke mmoja wa Linz akauliza
kama nimewahi kufikiria
jinsi ya kuwafanya wateja wangu warudi.

Nilicheka peke yangu ndani ya tramu namba moja.
Mama mwenye mfuko wa vitunguu akahamia kiti kingine.

Emese wa uhasibu ndiye aliyenifundisha.
Hapa unanyamazisha. Hapa unafuta. Hapa unazuia.
"Na usiombe samahani," akasema, "mashine haina mama."
Nikaanza kwa adabu, kama mtu anayeswaga kuku wa jirani;
kufika saa sita mchana nilikuwa natwanga.

Nikamfikia Zsombor usiku, kitandani.
Kidole kiko juu ya jina lake
na hodi ya saba ikaingia,
haina hongera, haina natumaini-u-mzima:

"Samahani, bibi. Huu nimeuandika mwenyewe.
Kesho wanapitia hesabu zetu. Sijauza kitu tangu Septemba.
Nijibu hata hapana.
Hapana nayo huandikwa kuwa ni mazungumzo."

Nikaketi. Miguu ilikuwa baridi sakafuni.
Sikuwa mjinga: huenda na huu umetungwa,
ujumbe namba saba, kichwa chake Unyofu,
katika daftari walilogawiwa siku ya mafunzo.
Huenda muda huohuo, Szeged, mwingine ameketi hivi,
akimwonea huruma kijana huyuhuyu.

Nikaandika: Hapana.
Ikawa kavu kama ganda la juzi. Nikaifuta.
Nikaandika: Hapana, Zsombor. Lala.

Akanipa kidole gumba. Cha njano, kidogo, basi.

Asubuhi nilimzuia.
Sitajitetea. Mapato yake si unga wangu,
na mazungumzo yake nimeshampa, akayaandike.

Halafu nikarudi kwenye cheo, nikafuta makaburi,
nikaandika ukweli wote niliokuwa nao kabla ya kazi:
Nanunua unga. Hodi tatu, tafadhali.

Kahawa haijapoa, simu ikatetemeka juu ya meza,
mtu wa Košice, simjui, ana tai nyekundu:
"Ibolya! Hongera kwa cheo kipya!"