Fomu ya Tathmini, Zahle

Wameniomba nikipime kitabu huria
cha fedha za kimataifa, kurasa mia nne na sita,
bure kwa kila mwanafunzi mwenye simu.
Nimekisoma kwa awamu. Jenereta ya mtaa
huzimwa saa nne usiku,
nami hubaki na nusu ya sura na mshumaa.

Usahihi: tano kwa tano.
Milinganyo imekaa sawa, sijaona kosa.
Ufasaha: nne. Mwandishi anaeleza
kama mtu anayemenya chungwa
bila kuichana nyama yake.

Kalamu ilisita ukurasa wa mia mbili kumi na mbili.
Mfano wa sarafu iliyofungwa kwa dola:
lira yetu, elfu moja mia tano na saba na nusu,
miaka nenda miaka rudi haitikisiki.
Swali la tatu: Jadili faida za uthabiti huo.

Nililipeleka darasani.
Wadih hakujadili. Alitoa mfukoni
risiti ya mkate, akaibandika ubaoni,
akaniuliza, "Kwa kiwango kipi, mwalimu?"
Maana tulikuwa navyo vinne:
cha benki kuu, cha benki zenyewe,
cha kwenye simu,
na cha Abu Tufiki wa Shtaura
anayelowesha kidole, akahesabu noti,
na bei ikabadilika hujamaliza kumwamkia.

Baba aliweka akiba kwa kiwango cha kitabu.
Miaka thelathini na mmoja ya kushona mapazia ya watu.
Siku hizi huenda kuitazama benki
kama anayezuru wodi:
hugonga bati walilozibia mlango,
husikiliza kidogo,
hurudi na nyanya.

Kipengele cha sita: Je, maudhui yatadumu?
Niliandika mbili. Nikafuta.
Nikaandika moja, nikaionea huruma, nikafuta.

Leseni inaruhusu yeyote kurekebisha.
Basi sikuufuta mfano. Niliuhamisha tu
kutoka wakati uliopo hadi uliopita,
na chini ya swali la tatu nikaongeza la nne,
la Wadih, kama alivyolitamka.
Ukurasa wa majibu sikuugusa.

Baba akauliza wananilipa nini kwa kazi hii.
Dola sabini na tano, nikamwambia.
Akainua macho kutoka kwenye kikombe.
"Za kushika," akasema, "au za kusoma?"