Saa Janja

Nimeinunua kwa pesa ya mnada wa tatu wa korosho,
saa isiyoijua Newala.
Hali ya hewa inanipa ya Dodoma: jua kali.
Mimi hapa nimevaa sweta,
ukungu umemeza mnara wa simu.

Chaja yake ni sumaku, haishiki
mpaka niifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli,
nikeshe pembeni kama anayeuguza.
Asubuhi: asilimia nne.
Nimeifungua mara tatu. Skrubu moja imebaki mezani,
na saa, ajabu, imetulia zaidi bila hiyo.

Jana nilimwazima Somoe akibangua.
Jiwe, gamba, punje. Jiwe, gamba, punje.
Hakunyanyuka mkekani tangu adhuhuri.
Magharibi saa ikatetemeka,
ikalipua fataki kwenye kioo:
hatua elfu ishirini na mbili!

“Umekaribia Kitangari,” nikamwambia.
Akapangusa utomvu, akaitazama kwa jicho moja.
“Basi iniitie bodaboda ya kurudi.”

Leo naitafuta kabatini, chini ya mto, kwenye kopo la waya.
Ipo mkononi mwake, jikoni,
na ile skrubu
imekaza kishikio cha kifuniko cha sufuria.