Nilimpa Wangu

Tamasha la Tampere limefutwa. Karatasi mlangoni
ina maneno manne: "Kwa sababu za kiafya."
Maneno manne, na sisi hamsini kwenye theluji
tunayatafuna kama mkate wa juzi,
kila mtu na upande wake wa meno.

Jouni anasema ini. Pombe, anasema,
hesabuni chupa za miaka ya tisini.
Kaarina anasema koo: kule Pori, wimbo wa tatu,
si alitugeuzia mgongo, akaliacha gitaa limalizie?
Kijana wa kofia ya manjano ana picha simuni,
anaikuza, anaikuza, mpaka Tarmo Kivelähde
anabaki shavu, kisha kivuli cha shavu,
kisha nukta za kijivu. "Mnaona?"
Tunaona. Nani atakiri kwamba haoni?

Lisemwalo lipo, na kama halipo
limeshapanda tramu namba tatu, laja.

Nami nilikuwa na bahasha mfukoni,
siku ya sita, haijafunguliwa,
pembe zimelainika kwa jasho la kiganja.
Kazi yangu ni kukaza skrubu za miwani,
ndogo kuliko punje ya ufuta.
Tangu Septemba zinaniponyoka.
Lempi, mwenzangu wa mezani, huziokota sakafuni
bila kusema kitu; na kutosema kwake nakusikia.

Nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi:
"Ni mishipa ya fahamu.
Huanza kidole cha pete, mkono wa kushoto.
Kwanza ganzi, kama umelalia mkono.
Kisha kikombe. Unakiona kikianguka
na huna habari kwamba umekiachia."

Wakanyamaza. Hakuna aliyeuliza nimejuaje.
Kaarina akashika mdomo: "Ndiyo maana Pori
hakuvua glavu!" Jouni akalitupa ini lake
kama kizibo cha chupa.
"Maskini," wakasema. "Ana watoto?"
"Nani humkanda huo mkono?"
"Asubuhi nani humfunga vifungo?"
Nikasikiliza kila swali
kama mtu anayesikia jina lake likiitwa chumba cha pili.

Nilitaka tu kujua wangesemaje.
Nilitaka kuusikia ukitamkwa nje, baridini,
kwa vinywa visivyo vya daktari.
Sikuwa na mtu wa kumpa; nikampa yeye,
asiyenijua, ambaye labda ana wake,
amejifungia nao mahali, pazia zimeshushwa,
akiuomba jambo moja tu: usiwe na jina kwanza.

Jumamosi ukanirudia. Duka la mikate,
muuzaji akilifunga andazi langu la iliki:
"Umesikia? Mishipa. Kidole cha pete.
Binamu yangu anamjua daktari mwenyewe."
Nilitoa sarafu kwa mkono wa kulia.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua.
Hawakusema lolote juu ya anayeyaficha
ndani ya mwili wa mtu mwingine.

Jioni nikapita ukumbini. Mlangoni mishumaa,
maua yameganda, kopo la bia halijafunguliwa,
na kadi, mwandiko wa mtoto au wa mlevi:
"Pole kwa mkono. Tutakushikia kikombe."

Niliisoma mara mbili.
Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, kama mwizi,
nikasema asante.
Kisha nikavua glavu kwa meno
na kuitafuta, kwa kidole kile kile,
ncha ya bahasha isiyoshikwa na gundi.