Mita Nne

Mita nne tu. Nimelipima kwa futi yangu ya kazini
nikaona aibu kwa niaba yake.
Upande wa nyuma jiwe lina mteremko mpole;
mbwa wa jirani huupanda, akanusa kilele, akakojoa, akashuka.
Hilkka hajawahi kupitia huko.
"Nitaingia kwa mlango wake," husema,
na mlango wenyewe ni huu uso wa mbele
unaokuinamia kama mtu anayekudai.

Barafu ya kale ililibeba kutoka kaskazini,
ikachoka hapa, kati ya misonobari, ikalitua.
Tangu siku hiyo halina haraka.

Haraka anayo yeye. Ana miaka hamsini na mmoja,
anaendesha tramu ya alfajiri mjini Helsinki,
na kidole chake cha pete kimevimba
kama fundo la kamba iliyoloa.
Jumapili hunipigia simu: "Raimo, nyuzi tatu. Pamekauka."
Nyuzi tatu! Watu wamejifunika mablanketi,
yeye anashukuru: ngozi haitoki jasho, jiwe linashikika.

Tunabeba godoro mgongoni
kama wapangaji waliofukuzwa usiku.
Anatoa mswaki, anasugua vishikio kimoja kimoja.
Namtania kwamba meno ya babu huyu hayatakati tena.
Hacheki. Anapaka chaki viganjani, anapuliza.

Mkono wa kulia: ufa wa vidole viwili.
Wa kushoto: kichunguu cha jiwe, hakizidi punje ya dengu.
Mguu unapanda, unapanda, hadi karibu na sikio.
Halafu kule juu kuna ukingo,
na kati ya dengu na ukingo hakuna kitu,
ni kujirusha tu.
Miaka mitatu hapo ndipo anapoanguka.

Kazi yangu ni kusimama chini, mikono juu,
kama mtu anayepokea mtoto kupitia dirishani.
Nazijua sauti zake zote za kuanguka:
pu ya hasira,
pu ya uchovu,
na ile ya mwaka juzi, iliyofuatwa na kimya,
kisha wiki tisa za magongo.
Hata kwa magongo alikuja. Alikaa kwenye kisiki, akalitazama.
Binti yake, Sanelma, akamuuliza, "Mama, hili linakupa nini?"
Akamenya yai. Hakujibu.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zilirudishwa nyuma,
saa kumi na nusu giza likaanza kupanda mashina.
Alikuwa ameanguka mara kumi na moja.
Plasta ilikuwa nyekundu.
"Basi," alisema, "tufungashe."
Nikageuka kutafuta kifuniko cha chupa ya kahawa
kilichobingirika kichakani,
nikiwa nimeinama, mkono ndani ya majani yaliyooza,
nikasikia kiatu kikisugua jiwe.
Pumzi moja, fupi.
Nikaingoja pu.

Haikuja.

Nilipogeuka, godoro lilikuwa tupu.
Mikono yangu ikajiinua yenyewe, imechelewa,
ikapokea hewa.
Juu, kisigino kimoja kikavuka ukingo, kikapotea.

"Raimo,"
sauti ya kawaida, ya mtu aliyefungua kabati,
"huku kuna beri."
Kisha kimya kirefu. Nadhani alikuwa analia, au anakula.
"Zimeiva mpaka zimepitiliza."
Akanirushia moja. Ikanigonga kwenye paji la uso.
Niliiokota nikaila: chachu, baridi, ina mchanga kidogo.

Alishuka kwa njia ya mbwa.
Akachukua mswaki, akafuta chaki yetu yote
hadi uso wa jiwe ukawa kama hatujawahi kufika,
akalipiga kofi jepesi, moja.

Njiani kuelekea kituo cha basi, kwenye matope,
aliniuliza, "Uliuona mkono wa kushoto?"
Godoro lilikuwa mgongoni kwangu, zito vilevile.
"Niliuona," nikasema.