Wapishi

Zurabi alinunua sindano zake Kutaisi,
nyuma ya duka la matairi,
akatuna kifua hadi vifungo vikasalimu amri.
Nami nilipenda, sifichi.

Mwaka wa nne, kitanda cha mtoto bado kimebeba nguo za kupigwa pasi.
Daktari Tsisana akatuchorea juu ya bahasha:
ubongo, mshale, kokwa mbili.
“Homoni ya kununua,” akasema,
“huuambia ubongo chakula kipo mezani.
Nao huwaachisha kazi wapishi.”

Hesabu ya mbegu: sufuri,
na nukta mbele yake,
kama wino uliomponyoka karani.

Sindano tumetupa. Mwezi wa sita huu.
Usiku, akidhani nimelala,
Zurabi huweka kiganja chini ya kitovu,
ananong'ona:
rudini jamani,
kuni zipo.