Nusu ya Picha

Kwa Dashnyam simu haikai mfukoni.
Inaning'inia msumarini, ndani ya soksi ya mtoto,
kwenye boriti ya tatu kutoka mlangoni;
isogeze shubiri moja, mtandao umekufa.
Ukitaka kuongea unasimama papo hapo, shingo juu,
kama mtu anayepimwa urefu,
na hema zima linasikia unavyodaiwa.

Mimi sina boriti. Nina lori,
magunia arobaini ya unga,
na bando la wiki nililonunua Khovd.
Bando ni barafu: ulishike usilishike, linayeyuka.

Kutoka mnara wa mwisho hadi Ulaan Davaa
ni mwendo wa siku nzima. Upepo tu, na ngamia
wanaokutazama kana kwamba uliwahi kuwakopa.
Juu ya kilima fulani, ghafla,
simu ikaanza kupapatika kwenye dashibodi
kama kuku aliyefungwa miguu.
Jumbe za siku nne, zimekuja bila foleni,
ya mwisho mbele, ya kwanza sijui iko wapi:

Basi, usihangaike.
Daktari kaondoka.
Umefika wapi?
Mama hataki kula.

Na ya Delgermaa, dada yangu, bahili wa maneno:
Mtazame alivyolala.
Chini yake, picha.

Ilishuka mstari kwa mstari,
kama mtu anayeteremka ngazi gizani.
Paa la hema. Kabati la rangi ya machungwa.
Kitambaa cha kichwa, kile cha kijani nilichomletea mimi.
Paji la uso na mikunjo yake mitatu.
Nyusi.
Hapo ikagoma.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
halafu: bando lako limekwisha.

Kwa paji la uso peke yake, muulize yeyote,
aliyelala na aliyelala moja kwa moja hawatofautiani.

Kilomita mia na arobaini niliendesha na nusu ya mama.
Subira huvuta heri, husema; mimi nilivuta gia,
nikavuka mto bila kushuka kupima kina.
Nilizungumza naye. Nilimgombeza kwa kutokula.
Nikapanga mbuzi waende kwa nani, kitambaa apewe nani,
kisha nikajionea haya,
nikaizima simu, nikaiwasha.

Ulaan Davaa: rundo la mawe, vitambaa vya buluu
vilivyochanwa na upepo, usukani wa lori la mtu.
Mtandao umejaa tele pale juu
nami sina hata tone la bando.
Nikalizunguka rundo mara tatu, kama nilivyofunzwa,
simu mkononi. Sijui nilikuwa namwomba nani,
mlima au kampuni.

Kijana wa Kikazaki alikuwa juu ya pikipiki
akitazama mieleka kwenye simu yake. Hakuuliza kitu.
Aliona tu ninavyoishika yangu.
"Tumia wa kwangu," akasema, akanitajia neno la siri:
jina la farasi wake, herufi kwa herufi.
Nikakosea mara mbili. Akacheka.
Farasi mwenyewe hajui kuwa ni ufunguo.

Macho yakafika: yamefumba.
Pua.
Mdomo: wazi, umeenda upande,
na ule mkoromo naujua, unasikika hata pichani.
Na kifuani, ndani ya koti lake,
kitoto cha mbuzi, cheusi, sikio moja limekunjika,
nacho kimelala fofofo.

Nikakaa juu ya mawe. Yalikuwa ya baridi.
Serikbol, ndilo jina lake, akanigeuzia mgongo
kunikinga na upepo, au na yeye mwenyewe.

Nilikuwa na mengi ya kuandika. Nikaandika: Nimeona.
Jibu likaja papo hapo:
Siku nne ndiyo unajibu? Unga upo?

Nikamtazama kijana akifunga mzigo nyuma ya pikipiki,
anakaza kamba kwa meno.
Upo, nikaandika. Kasoro nusu gunia.