Kama ya Juni

Mguu wa kushoto ndio uliotangulia,
ulivimba mpaka kandambili ikaukataa.
Mama akasema ni safari tu, ni kiti cha basi,
kutwa nzima kwenda Bugando kuonyesha kongosho,
kutwa nzima kurudi Tabora na bahasha ya kaki.

Kisha, Jumanne, sokoni, mteja akauliza bei ya lita,
na Mama Nyamizi, miaka thelathini na moja akiuza asali ya Sikonge,
akalitafuta neno
akalikosa.
Akainua mikono aonyeshe kwa vidole.
Mmoja ulitii.

Kitete, Dokta Sizya akampaka jeli baridi kifuani,
akatugeuzia kioo.
"Huu ni mlango wa moyo. Na hivi vinavyocheza ukingoni
ni vinundu vya damu iliyoganda."
Vijidudu? nikauliza.
"Tumeiotesha damu yake siku tano, hakuna kilichoota.
Ni saratani ile ile. Huifundisha damu kuganda pasipo jeraha.
Kipande kimekatika, kikapanda kichwani."

Mama alikuwa anasikiliza.
Maneno aliyobakiwa nayo aliyahesabu kama chenji:
"Imeganda.
Kama ya... ya Juni."

Ndiyo, Mama. Juni, baridi ikishuka,
madumu nyuma ya mlango huwa meupe, mazito,
wageni wanadai umetia sukari,
nawe huwajibu, unaliburuta dumu juani
mpaka asali ikumbuke kutiririka.

Damu haianikwi.

Ina sindano, asubuhi na jioni, chini ya kitovu,
na mkono uliofundishwa ni wangu.
Nabana ngozi, nahesabu hadi kumi,
naye hufuata nyuma yangu, moja, mbili;
tano huiruka kila siku.
Boksi moja ni madumu mawili.
Dokta hakuficha: inazuia vinundu vipya,
mzizi wa kongoshoni haiugusi.

Jana usiku nilimwekea sikio mgongoni.
Nilitegemea mkwaruzo, bawaba yenye kutu.
Wapi! Fungua, funga, fungua,
kama mlango wa nyumba yenye watoto.

Leo mteja wa Ipuli kaja mpaka uani.
Lita shilingi ngapi siku hizi?
Nikafumba mdomo kwa makusudi.
Mama akakunja uso, akameza mate.
"Elfu," akasema.

Elfu ngapi, bado.
Mteja akaketi juu ya dumu tupu,
noti mkononi,
tukamngoja.